Wawili Wawili Hadi Juu ya Kilima

Kwanza niseme wazi: sikupenda kutembea. Kazi yangu kule Eldoret ilikuwa karani wa mizani kwenye stoo ya mahindi. Nilisimama kutwa, magunia yakipanda na kushuka mbele yangu, vumbi likinijaa puani, na jioni miguu ilikuwa imevimba hata viatu vinakataa kutoka. Mtu wa namna hiyo anatafuta kilima cha nini? Nilijiunga na chama cha matembezi kwa sababu moja tu. Nilitaka mtu wa kunibishia hodi.

Nilikuwa nimehamishwa kutoka Kisumu, na karibu mwaka mzima ulikuwa umepita. Kwetu mtu haulizi kama anaweza kuingia. Anaingia, anavuta kiti, anafunua sufuria, anakuambia umenenepa. Eldoret nilipanga chumba Langas, kwenye ploti ya mama mmoja aliyekuja kutoka upande wa Nyeri. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alinisalimu na kuniuliza kama maji yanatosha. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni kila mlango pale umefungwa, kwa sababu ya baridi, na pia kwa sababu ya nyakati zenyewe. Nchi ilikuwa na chama kimoja, na watu walishusha sauti hata wakiulizana bei ya sukari. Mgeni kama mimi, mwenye sauti kubwa na haraka ya kuzoeana, aliangaliwa mara mbili. Nilikuwa nimemwagiza fundi viti viwili. Kimoja nilikikalia mimi, na cha pili kikawa cha kutupia nguo.

Basi nikajiwekea mpaka. Nilimwambia dada yangu: mahindi ya mwaka huu yakiisha kuingia stoo na bado hakuna mtu ameingia kwangu akanywa hata kikombe cha chai, naomba kurudi Kisumu, hata kama ni kwa mshahara mdogo. Dada yangu alicheka. "Wewe na huo mdomo wako, utakosaje watu?" Nilimnunia wiki nzima. Alifikiri ni mchezo, na mimi nilikuwa nalala nikiongea na redio.

Habari za chama nilizisikia kanisani. Katibu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu wa koti la sufi, mwenye tabia ya kukohoa kabla ya kila sentensi. Alisema kutembea ni dawa ya presha. Wanachama walikuwa wenye maduka, waalimu, wauguzi, makarani wa kiwanda cha nguo. Kila Jumamosi walikutana kwenye darasa moja la shule ya msingi, wakaomba, wakapanga, na mara moja kwa mwezi walitoka kwenda kupanda kitu. Nikasema, haya, hapa ndipo nitapata mtu.

Sasa kulikuwa na sheria moja ya ajabu. Siku zile watu wakisimama pamoja bila kibali ulikuwa ni mkutano, na mkutano bila kibali ulikuwa na pahali pake pa kuishia, na si nyumbani. Katibu alikuwa ameenda kwa chifu kuuliza. Chifu akafikiria, akasema kutembea si mkutano, bora wasitembee kama maandamano. Waende wawili wawili. "Wawili wanapiga stori," chifu alimwambia, "lakini watatu, hiyo ni kamati." Mimi mpaka leo nashuku chifu alikuwa anatania. Ila katibu hakuwa mtu wa utani. Alirudi na maneno hayo na kuyafanya sheria ya chama.

Kwa hivyo tulitembea wawili wawili, na nafasi kubwa katikati. Kufika juu, hakuna kukaa pamoja. Kila wawili na jiwe lao. Mwenzako ndiye aliyekushika mkono penye utelezi. Ndiye aliyesimama kuangalia njia ukiingia kichakani. Ndiye aliyejua kama umepata chakula. Hata katibu akihesabu watu hakuhesabu vichwa. Alipita akimuuliza kila mtu, "Mwenzako yuko?" Mtu anajibu, "Yuko." Anaenda kwa mwingine, "Mwenzako yuko?" "Yuko." Akimaliza, tunaenda. Na majina hatukuitana, ati mtu akiulizwa asiwe na la kusema. Ilikuwa "mwanachama" hivi, "mwanachama" vile. Ndiyo maana leo nikitaka kuwataja siwezi, hata nikitaka kuwataja kwa ubaya.

Nilipojiunga, wote walikuwa wameshapata wenzao. Katibu alikuna kichwa, akakohoa. "Wewe madam utakuwa wa kuzunguka. Unaweza kutembea na wa mbele kidogo, halafu na wa nyuma kidogo. Lakini usikae sana na watu. Si unaelewa? Usiwafanye wawe watatu."

"Na mwenzangu ni nani?" nikamuuliza.

"Atakuja mwanachama mpya."

Nilimwamini. Hakuja mtu, na siku ya safari ikafika.

Kilima chenyewe kilikuwa upande wa Moiben, katikati ya mashamba ya mahindi na ngano. Kusema kweli kilikuwa kidogo. Wenyeji walipanda pale mbuzi wakipotea tu, na walishangaa kuona watu wazima wamevaa viatu safi wakisema wamekuja kukipanda. Tulisafiri na lori la mwanachama mmoja mwenye duka, lori la kubeba mitungi ya maziwa, likinuka maziwa ya jana. Ndani ya lori hatukuwa wawili wawili. Ndani ya lori tulikuwa abiria, na abiria hawana kesi. Tulibanana, tukacheka kila lilipoingia shimoni, mama mmoja akanikalia mguu, na mimi nikafurahi kukaliwa mguu. Katika siku nzima ile, hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda.

Nilikuwa nimejipanga. Niliamka alfajiri nikakaanga mandazi beseni zima, nikapika chai ya maziwa yenye tangawizi, nikaijaza kwenye thermos mbili kubwa nilizoazima kwa mama mwenye ploti. Nikabeba na vikombe vya bati. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nani atakunywa chai ya mtu, ale na mandazi yake, halafu asimuulize anakaa wapi?

Tukaanza kupanda. Mbele walienda wawili, nyuma yao wawili, mpaka mwisho, na mimi katikati ya hao na wale na kikapu changu. Nikiwakaribia wa mbele, walipunguza maneno. Nikisubiri wa nyuma, walisimama kufunga kamba za viatu. Wenye maduka wawili, waliotoka upande wa Nyeri kama mama wa ploti yangu, niliwafikia ghafla penye kona. Mmoja alikuwa anasema jambo kwa sauti ya chini na uso umekunjwa. Aliponiona akapandisha sauti: "Lakini mvua ya mwaka huu ni nzuri sana!" Mwenzake akaitikia, "Nzuri kabisa!" Jua lilikuwa linatuchoma utosini. Mvua hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Nilielewa. Mtu anayezunguka peke yake, hana mwenzake, anauliza uliza watu wanatoka wapi na wanafanya kazi wapi, wewe ungemwonaje? Lakini kuelewa hakukunisaidia. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, nikajifanya ni jasho.

Huko juu kulikuwa na upepo na mawe makubwa. Kila wawili wakachagua jiwe lao, wakakaa wakiangalia upande wao. Ungeona ungesema wamegombana wote. Nikafungua thermos, nikaanza kuzunguka. Nikawa mhudumu wa hoteli isiyo na paa.

"Chai, mwanachama?"

"Asante, mwanachama. Mungu akubariki."

Basi. Jiwe lingine. Asante, Mungu akubariki. Walikunywa vizuri, wakamung'unya mandazi, wakasifu tangawizi. Nikisimama zaidi kidogo, mmoja anaanza kuangalia alipo katibu. Mimi naondoka na kikapu.

Jiwe la mwisho lilikuwa la wauguzi wawili wa kike. Mmoja alikuwa msichana mwembamba ambaye niligundua lafudhi yake ni ya kwetu, ya ziwani. Alishika andazi, akaliangalia, akasema, "Haya umepika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Yawa! Tangu nitoke nyumbani sijala andazi kama hili." Akauma tena, akacheka na mdomo umejaa. "Unakaa wapi wewe?"

Jamani. Mwaka mzima nilikuwa nangoja swali hilo. Nikasema, "Langas. Ukipita kanisa, unaona ploti ina geti la..."

Katibu akakohoa. Alikuwa kwenye jiwe lake mbali kidogo, ameinua vidole vitatu juu, anatuonyesha. Watatu. Kamati. Yule msichana akainamisha macho. "Tutaongea kwa lori," akaninong'oneza. "Utanielekeza vizuri."

"Kwa lori," nikasema.

Nilikaribia kuruka. Niliona kila kitu tayari: tutakaa pamoja karibu na mitungi, nitamwelekeza mpaka mlangoni, Jumapili atakuja. Nitapika samaki. Nikaweka kikapu chini, na kwa furaha ile na chai ile nyingi niliyokunywa, nikahisi haja ya kwenda kichakani. Nikashuka upande wa nyuma ya kilima, nikazunguka jiwe moja, la pili, pahali pa kujificha vizuri maana sikuwa na wa kuniangalizia njia. Nilikuwa naimba. Sikukawia, na kama nilikawia ni kwa sababu nilikuwa nawaza samaki.

Niliporudi, kilima kilikuwa kitupu.

Kwanza nilifikiri ni mchezo. Nikaangalia nyuma ya mawe. Hakuna. Vikombe vyangu vya bati vilikuwa vimekusanywa vyote, vimepangwa juu ya jiwe moja pamoja na thermos, na mtu alikuwa amevifuta kwa majani. Hebu fikiria. Mtu alipata nafasi ya kufuta vikombe. Nikataka kuita, nikafungua mdomo, ndipo nikakumbuka sina jina la kuita. Nikaita, "Mwanachama!" Upepo ukachukua. "Wanachama!" Ng'ombe mmoja akalia huko chini, na huyo ndiye pekee aliyenijibu.

Kutoka pale juu niliona sababu. Landrova ya serikali ilikuwa imesimama kwenye boma moja chini ya kilima. Wameiona ikija, nikasema, wamekimbia. Na ng'ambo ile, barabarani, vumbi lilikuwa linainuka nyuma ya lori la maziwa likienda mjini. Nililiangalia mpaka likapinda. Niliketi kwenye jiwe la wauguzi, nikalia kwa sauti, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Hakukuwa na mtu wa kumwonea haya.

Nikashuka na kikapu, vikombe vikigongana. Nilikuwa tayari kushikwa. Nilikuwa hata natamani kushikwa, nipate wa kumfokea. Nilipofika bomani nikamkuta mwenye Landrova: mwanamume wa makamo, amevaa gambuti, ameingiza mkono mpaka kwapani nyuma ya ng'ombe. Alikuwa daktari wa ng'ombe. Alikuwa amekuja kumpandikiza mbegu ng'ombe wa mama mwenye boma. Hiyo ndiyo serikali iliyowakimbiza watu wazima kutoka mlimani.

"Mama, unatafuta nani?" akaniuliza, mkono bado uko kulekule.

"Wenzangu."

"Wale watu? Wamepita hapa mbio wawili wawili, kama wanaingia kwa safina. Walikuwa wanakimbia nini?"

Yule mama mwenye boma akacheka mpaka akashika ua. Mimi sikucheka. Daktari alipomaliza alinawa, akanipakia mbele, akanirudisha mjini. Karibu na reli akaniuliza, "Wenzako si watakuwa wanakutafuta sasa?"

"Watakuja," nikamwambia.

Na niliamini. Hili ndilo jambo ninalotaka mnielewe. Usiku ule nililala hasira imenipungua. Nilijiambia: wacha, huenda ni bahati. Wakifika mjini wataona hawajatimia. Yule msichana atanitafuta kwenye lori ili nimwelekeze, hatanipata, atapiga kelele. Sasa watalazimika kuja. Langas, ukipita kanisa. Atakuwa amekumbuka hilo. Hata kama ni kuja kuomba msamaha, huyo si mgeni? Hata katibu na kikohozi chake nitampa kiti.

Jumapili sikwenda kanisani, nisije nikapitana na mtu njiani. Nikafagia. Nikaondoa nguo kwenye kiti cha pili. Nikanunua samaki, nikawapika mchana, nikawapasha moto jioni. Mama mwenye ploti alikuja kuchukua thermos zake, nikasikia hodi nikaruka, nikaona ni yeye. Alizichukua mlangoni palepale, akaniuliza kama maji yanatosha. Jumatatu nikarudi kwenye mizani. Kila mtu aliyetokea kwenye mlango wa stoo nilimwangalia kabla ya kuangalia gunia lake. Jumanne hivyohivyo. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeacha kuangalia mlango, na mwenye lori mmoja akanilalamikia kwamba nampimia kwa hasira.

Jumamosi nikaenda darasani. Nilitaka wanione wakiwa pamoja, waone aibu pamoja. Nikafungua mlango. Watu wakageuka, wakatabasamu. "Karibu, mwanachama." Wengine wakasogea. Yule msichana muuguzi aliinua mkono, akatabasamu pia, akiwa amekaa na mwenzake.

Katibu akakohoa, akatuomba tusimame tuombe. Akamshukuru Mungu kwa safari ya juma lililopita. Akamshukuru kwa kutulinda na kila hatari pale kilimani. "Tulienda wote," akasema, macho amefumba, "na ukaturudisha wote." Darasa likajibu amina.

"Mimi mliniacha," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, makali, mengine ya Kijaluo kabisa. Lakini ilitoka sauti ndogo, na ikabidi niirudie. "Mliniacha juu. Niliwaita. Nilirudishwa na daktari wa ng'ombe."

Msichana muuguzi akashika mdomo. "Mimi nilidhani umekaa mbele na dereva," akasema. Mwingine alidhani nilishuka na wenye maduka. Wenye maduka walidhani niko na waalimu. Ilikuwa kweli, niliona kwenye nyuso zao. Hakuna aliyekuwa anaficha kitu. Katibu alikuwa amebadilika rangi. Alifanya kile alichojua kufanya, akageukia darasa na kuuliza:

"Nani alikuwa mwenzake?"

Watu wakaangaliana. Walitafuta kwa dhati kabisa, mstari kwa mstari, na kila mmoja macho yake yakaishia kwa mtu aliyekaa kando yake. Mimi nilisimama pale mlangoni nikiwangoja. Nilitamani mmoja adanganye. Nasema haki ya Mungu, kama mtu yeyote angeinua mkono akasema ni mimi, nimekosa, nilimwacha, ningemkumbatia mbele ya wote. Nilimwangalia yule msichana. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Hakuna?" katibu akauliza.

"Hakuna," wakasema, mmoja hapa, mmoja pale.

Katibu akashusha pumzi. Niliona mabega yake yakilegea chini ya koti la sufi. "Basi," akasema, kwa upole, kama anayenipa habari njema, "si makosa ya mtu." Na darasa zima likapumua pamoja naye. Mtu akanisogezea kiti. Wakapita kwenye jambo lililofuata, ambalo lilikuwa ni kilima cha mwezi ujao.

Jumatatu nilimwendea mkubwa wangu stoo, mahindi bado yakiingia, nikamwomba anirudishe Kisumu. Alishtuka, maana kazi nilikuwa naifanya vizuri. Akafunga mlango, akaniambia nisiogope, nimtajie ni nani amenikosea hapa Eldoret, yeye atamwita. Nilikaa mbele yake nikifikiria kwa haki, nikiwapitia wote, nikitafuta hata mmoja wa kumpa. Sikumpata.